Vidole Vinavyotafuta Maji

Nilipokuwa darasa la sita tulipewa zoezi la kuchora ramani ya Afrika bila kuangalizia. Nilikuwa nalimudu. Nilianza na nundu ya magharibi, nikashuka hadi kwenye kona ya Kamerun, nikateremka na Atlantiki mpaka Rasi ya Tumaini Jema, nikapanda na Bahari ya Hindi hadi Pembe ya Afrika, kisha nikafunga kwa Bahari ya Shamu na Mediterania. Tabu ilianza kwenye mipaka ya ndani, hasa Namibia. Nchi yenyewe imekaa sawasawa pale kusini magharibi, lakini kwenye kona yake ya juu kulia kimechomoza kidole chembamba kinachoelekea mashariki, kinapita kati ya Angola na Botswana kama mtu anayenyoosha mkono gizani kutafuta swichi. Mimi nilidhani ni kosa la mchapaji, nikawa nakiacha. Mwalimu akanikata alama mbili. Nikamuuliza kidole kile ni cha kazi gani. Akaniambia, "Ndivyo ilivyo."

Sikumlaumu, silabasi ilikuwa ndefu. Ila toka hapo nikifungua ramani ya Afrika sianzi na nchi kubwa. Naanza na vidole. Kongo, ile ya Kinshasa, ina kimoja kinachopenya kwenda Atlantiki, chembamba kiasi kwamba kwenye ramani ndogo hukioni. Gambia yote ni kidole, imechomwa katikati ya tumbo la Senegali. Kongo hiyohiyo ina kingine kusini mashariki, kimeingia ndani ya Zambia mpaka karibu kiikate vipande viwili. Ukivifuata kimoja kimoja, karibu vyote vinaishia majini.

Ili kuvielewa, weka pembeni ile ramani ya rangirangi inayoonyesha nchi. Chukua inayoonyesha mwinuko, ya kijani kwa nchi tambarare za chini na kahawia kwa nchi za juu. Hapo utaona kwamba sehemu kubwa ya bara hili, hasa upande wa kusini na mashariki ya mstari wa kutoka Angola hadi Ethiopia, iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Si milima, ni nyanda. Kama sahani iliyofudikizwa: juu pana, kingo zinaanguka ghafla, na pembeni unabaki ukanda mwembamba wa pwani. Tena kingo zenyewe hazina mikato mingi. Ulaya ni kama theluthi moja tu ya Afrika kwa ukubwa, lakini pwani yake ni ndefu kuliko yetu, kwa kuwa huko bahari imejipenyeza kila mahali, ghuba hapa, rasi pale, kisiwa kule. Huku bahari imeishia mlangoni.

Mto unaozaliwa juu ya sahani hauna haraka. Unazungukazunguka, unatandaza maji, unalisha vinamasi, unapokea vijito. Ukifika ukingoni ndipo unaanguka. Mito mingi ya mabara mengine hufanya fujo yake juu milimani na kutulia inapokaribia bahari, hivyo meli huingia kwa upole na kupanda nayo mamia ya kilomita. Kwetu utulivu uko ndani na fujo iko mlangoni. Mgeni akija kwa meli anakutana na maporomoko kabla hajakutana na nchi.

Mto Kongo ndio unaolionyesha jambo hili kuliko wote. Una urefu wa kilomita 4,700 hivi, unaivuka ikweta mara mbili, na kutoka Kisangani kushuka hadi Kinshasa vyombo vinapita zaidi ya kilomita 1,600 bila kuzuiwa na poromoko hata moja. Hapo Kinshasa mto unapanuka kuwa kama ziwa, Pool Malebo. Halafu basi. Kutoka hapo hadi Matadi maji yanashuka kama mita 270 kwa maporomoko zaidi ya 30, na hakuna nahodha wa kuyapita. Matadi iko karibu kilomita 150 tu kutoka baharini, na meli za bahari zinafika. Kwa hiyo una mto mkubwa sana wa ndani, una mlango mzuri wa nje, na katikati una ngazi ya mawe.

Nilipolielewa hili ndipo nilipojua kwa nini Kinshasa na Brazzaville zinatazamana. Watu hulitaja kama ajabu, miji mikuu miwili ukingo huu na huu. Lakini pale ndipo maji tulivu yanapoanzia. Wabelgiji na Wafaransa wote walihitaji gati juu ya maporomoko, kila mmoja akaweka lake upande wake. Henry Morton Stanley, aliyekuwa anamfanyia kazi Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliitwa Bula Matari, mvunja miamba, kwa ajili ya barabara iliyopasuliwa kando ya maporomoko hayo. Meli za mvuke zilipandishwa huko zikiwa vipandevipande, zimebebwa na kukokotwa na watu, zikaunganishwa juu. Reli ya kutoka Matadi ilianza kujengwa 1890 ikakamilika 1898, na imelaza wafanyakazi wengi njiani.

Sasa rudi kwenye kidole. Mkutano wa Berlin ulianza tarehe 15 Novemba 1884 ukamalizika 26 Februari 1885, na sehemu kubwa ya maneno yake ilihusu mito: nani atapita Kongo, nani atapita Niger, kwa ushuru gani. Tumezoea kusema kwamba Afrika iligawanywa pale mezani kama keki. Mipaka mingi, kwa kweli, ilichorwa baadaye, kwa mikataba ya wawiliwawili. Lakini hoja ya mlango wa mto Kongo ilikamatana na mkutano ule kila upande. Ureno, yenye koloni la Angola, ilikuwa inaudai mlango wote. Leopold alikuwa anadai tumbo la mto. Aliyeshika mlango bila mto alikuwa na bandari isiyo na mzigo, na aliyeshika mto bila mlango alikuwa na mzigo usio na pa kutokea. Wakaafikiana: Ureno ibaki na ukingo wa kusini, ibaki pia na Cabinda kaskazini, na katikati Leopold apitishe mkono wake hadi baharini. Ndiyo maana hadi leo Cabinda ni Angola lakini haigusani na Angola, na ndiyo maana nchi yenye kilomita za mraba milioni 2.3 inapumulia kwenye pwani isiyofika hata kilomita 50. Huwa nawaambia rafiki zangu wafikirie ng'ombe anayekunywa kwa mrija.

Gambia ni kinyume chake. Mto Gambia hauna ngazi ya mawe mlangoni, ni mto wa kweli wa meli, maji ya bahari hupanda na kushuka humo mbali sana bara. Waingereza wakaushika mapema. Mwaka 1889 wakakubaliana na Wafaransa kwamba yatakuwa yao maji na kama kilomita kumi kila upande wa mto. Kuna hadithi kwamba upana ulipimwa kwa umbali wa risasi za mizinga za manowari ya Kiingereza. Sikuwahi kuiamini, ila naelewa kwa nini watu wanaipenda: inaifanya ramani ionekane kama ilivyo. Wafaransa walitumaini siku moja kubadilishana, wapewe mto watoe kitu kingine mahali kwingine, na mazungumzo hayakuzaa. Matokeo yake, mmoja akapata mto bila nchi ya nyuma yake, mwingine akapata nchi huku mto mzuri kuliko yote unapita ndani yake na si wake. Casamance, kusini mwa Senegali, ikabaki upande wa pili. Kwa miaka mingi lori la kutoka Dakar kwenda Ziguinchor lilikuwa ama lizunguke mbali sana, ama liingie nchi nyingine na kusubiri pantoni. Daraja la Senegambia lilifunguliwa Januari 2019. Miaka 130 toka makubaliano yale.

Na Caprivi, kidole kilichoninyima alama mbili. Nilipokuja kujua habari yake niliona kimetuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki kuliko nilivyodhani. Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani na Uingereza zilitia saini mkataba ambao vitabu huuita wa Heligoland-Zanzibar. Heligoland ni kisiwa cha mawe katika Bahari ya Kaskazini, kilomita za mraba hazifiki mbili. Watu husema Ujerumani iliiuza Zanzibar ili ipate Heligoland. Haikuwa yake kuiuza, ilikuwa na Sultani wake. Ilichofanya Ujerumani ni kukubali kwamba Uingereza iiweke Zanzibar chini ya ulinzi wake, pamoja na kuachia madai mengine, ya Witu katika pwani ya Kenya ya leo na ya upande wa Uganda. Katika orodha ya ilichopata, pembeni ya kisiwa kile, kuna kifungu kinachosema koloni lake la kusini magharibi, Namibia ya leo, litapewa njia ya kufika mto Zambezi, na upana wa njia hiyo usipungue maili 20 za Kiingereza popote. Kansela wa Ujerumani wakati huo alikuwa Leo von Caprivi. Kidole kikapewa jina lake.

Lengo linalotajwa siku zote ni kwamba Wajerumani walitaka kuteremka na Zambezi hadi Bahari ya Hindi. Chukua ramani uone. Kidole kinaugusa Zambezi, sawa. Sasa fuata maji: kilomita kama 70 mashariki ya ncha ya kidole, mto wenye upana wa kilomita 1.7 unaanguka mita 108 ndani ya ufa. Mosi-oa-Tunya, yaani Maporomoko ya Viktoria. Baada ya hapo ni makorongo. Baada ya makorongo, mbele kabisa Msumbiji, kuna maporomoko ya Cahora Bassa. David Livingstone aliona Mosi-oa-Tunya mwaka 1855, na 1858 safari yake ya meli kutoka mlango wa Zambezi ilikwama Cahora Bassa. Alikuwa amezunguka Uingereza kwa hotuba zake, na kitabu chake kilisomwa sana. Sisemi hawakujua. Walijua. Nadhani tu kwamba mezani, mto ni mstari wa buluu, na mstari wa buluu hauonyeshi unaposhuka.

Lord Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza aliyeutia mkataba huo nguvu, alikuwa na ucheshi wa kukiri: alipata kusema hadharani kwamba wamekuwa wakigawiana milima na mito na maziwa, shida ikiwa moja tu, hawakujua yalipo. Wasikilizaji walicheka, nadhani.

Wakati Caprivi inagawiwa, mkataba ulisema mpaka upite katikati ya mkondo mkuu wa mto Chobe. Huo ndio mto unaoitenga ncha ya kidole na Botswana. Mahali pamoja mto unagawanyika, unakikumbatia kisiwa cha kilomita za mraba tatu na nusu hivi, ambacho kila mwaka hufunikwa na mafuriko kwa miezi kadhaa, nyati na tembo wanahama. Namibia wanakiita Kasikili, Botswana wanakiita Sedudu. Mkondo mkuu ni upi, wa kaskazini au wa kusini? Nchi mbili huru zilikwenda nalo swali hilo Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague, vikapimwa kina, upana na mtiririko, kikasomwa Kiingereza na Kijerumani cha 1890 neno kwa neno, na tarehe 13 Desemba 1999 kisiwa kikawa cha Botswana. Mimi sioni kichekesho ndani yake. Naona nchi mbili zilizoamua kwenda kwa mawakili badala ya kwenda kwa bunduki, juu ya nyasi za mafuriko.

Ncha ya kidole inaishia Kazungula, ambapo Namibia, Botswana, Zambia na Zimbabwe zinakaribia kukutana nukta moja. Zinakaribia tu. Kati yake kuna mpaka wa Botswana na Zambia wa mita 150 hivi, ambao Afrika Kusini ya makaburu iliwahi kudai haupo kabisa, maana kama haupo, pantoni ya pale isingekuwa na haki ya kuvuka. Daraja lililofunguliwa Mei 2021 lina urefu wa mita 923 na limepinda. Nilipoliona mara ya kwanza nilidhani ni mapambo ya wahandisi. Limepinda ili lisikanyage Zimbabwe. Na mkoa wa ncha ya kidole kile, toka 2013, hauitwi tena Caprivi. Ni Mkoa wa Zambezi.

Karatasi ya 1890 haikuishia hapo. Ndiyo inayosema mpaka wa upande wa Nyasa uko ufukweni mwa ziwa, upande wa mashariki, yaani maji yote yalikuwa ya Waingereza. Malawi inaishikilia. Tanzania inasema mpaka uko katikati ya maji, kama ilivyo kawaida ya mataifa yanayogawana ziwa. Mvuvi wa Mbamba Bay, kwa maandishi ya Berlin na London, akichovya mguu yuko ng'ambo. Hata jina hawakukubaliana: wengine Nyasa, wengine Malawi. Nyasa yenyewe ni neno la wenyeji lenye maana ya ziwa, kwa hiyo tukisema "Ziwa Nyasa" tunasema Ziwa Ziwa, na kwa hilo angalau hatuna ugomvi.

Upande wa Kagera mchoraji hakuhangaika na mto. Magharibi mwa Ziwa Viktoria alishika rula akaiweka kwenye latitudo ya digrii moja kusini ya ikweta. Mto Kagera ukabaki kusini yake, na kati ya mto na rula ikabaki nchi ambayo ni Tanzania lakini iko ng'ambo ya mto. Mwaka 1978 Idi Amin alipoivamia alitangaza kwamba mpaka wa kweli ni mto. Wazee wetu waliopigana vita ile walikuwa wanapigania rula. Sisemi hivyo kuwadharau. Rula ile ilikuwa imeshakuwa nyumbani kwa watu.

(Na kabla hujaniuliza: ile hadithi kwamba mpaka wa Kenya na Tanzania unapinda Kilimanjaro kwa sababu Malkia Victoria alimpa mjukuu wake mlima kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, si kweli. Ni makubaliano ya 1886. Wajerumani walikuwa na mikataba yao huko Uchaga, Waingereza wakaitaka Mombasa.)

Nimezungumza kana kwamba kosa ni rula, na kwamba wangefuata maumbile yote yangekuwa shwari. Nilikuwa naamini hivyo. Lililonibadilisha ni safari ya basi nchini Rwanda, kutoka Huye kwenda Rusizi, kupitia msitu wa Nyungwe. Kulikuwa na manyunyu. Barabara inapanda, inapanda, ukungu unakaa juu ya miti, halafu inafika mgongoni. Jirani yangu kwenye kiti, mzee wa makamo aliyekuwa kimya muda wote, akagonga kioo kwa kidole akasema, "Hapa maji yanaagana."

Ni kweli. Tone likianguka upande wa mashariki linaingia Nyabarongo, linakuwa Akagera, linaingia Ziwa Viktoria, linatoka Jinja, linapita Sudan Kusini na Sudan na Misri, linafika Mediterania. Likianguka hatua chache magharibi linashuka upande wa Kivu, linafuata Rusizi hadi Tanganyika, linatoka kwa mto Lukuga, linaingia Kongo, linapiga ngazi ile ya mawe na kuishia Atlantiki. Mfereji wa barabara ndio unaoamua. Nilikaa nalitazama lile dirisha lenye matone muda mrefu, nikifikiri: huu ndio mpaka, hauna askari wala mhuri, na haujabadilishwa na mkutano wowote.

Nikarudi nyumbani kutafuta kama kuna nchi zilizotumia mgongo wa namna hii kama mpaka. Zipo. Mpaka wa Kongo na Zambia, kwa urefu mkubwa, unafuata mahali maji ya Kongo yanapoachana na maji ya Zambezi. Waingereza na Leopold walikubaliana hivyo mwaka 1894. Mstari wa maumbile, hauna rula. Na chini ya mgongo huo huo, pande zote mbili, ndipo kulikolala shaba. Lubumbashi na Likasi upande huu, Kitwe na Ndola upande ule, mwamba mmoja wenye mali moja umepasuliwa na mstari uliochaguliwa na mvua. Walamba, watu wa eneo hilo, wakabaki huku na huku. Katikati ya yote kikaingia kile kidole kingine cha Kongo, kinachoelekea mto Luapula na vinamasi vya Bangweulu, kwa hiyo Mzambia wa Mansa anayetaka kufika Mufulira kwa njia ya mkato lazima apite nchi ya watu. Mpaka wa maumbile nao unaweza kukukata. Tone la mvua halijui nani ni ndugu wa nani.

Viongozi wa uhuru walilijua hili kuliko sisi tunaoandika blogu. Julai 1964, Cairo, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha azimio la kuheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru, na Mwalimu Nyerere alikuwa kati ya walioisukuma hoja hiyo mbele. Somalia na Morocco walikataa. Zamani nililiona azimio lile ni woga. Sasa nikijaribu kuwaza kungekuwa na migogoro mingapi kama ya Kasikili, na si yote ingekwenda The Hague, nalielewa zaidi, ingawa sijawahi kulipenda. Nchi mpya zilizotokea baadaye, Eritrea 1993 na Sudan Kusini 2011, zilipatikana kwa vita vya muda mrefu kabla ya kura.

Mipaka ilipokaa, nchi 16 zikajikuta hazigusi bahari. Hakuna bara lenye nyingi kuliko hizo. Sasa vidole vikaanza kuwa vya chuma. Zambia, ilipofungiwa njia ya kusini baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao 1965, ilinyoosha kidole hadi Dar es Salaam: kilomita 1,860, reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China. Shaba ya Katanga ilikuwa na kidole chake cha Lobito, Angola. Uganda ilikuwa na cha Mombasa tangu 1901. Tazama ramani ya reli za Afrika uone jinsi zilivyo: hazijaunganisha miji yetu sisi kwa sisi, zimetoka ndani zikaenda pwani, zimekatika hapo. Ni mito ile ambayo maumbile yalikataa kutupa.

Ila neno "kukosa bahari" nalo linanitatiza, na hapa lugha yetu ina ushahidi. Mali, Niger, Burkina Faso na Chad zote hazina bahari, na zote ziko kwenye ukanda uitwao Saheli. Sahil kwa Kiarabu ni pwani. Wingi wake ni sawahil, na hapo ndipo sisi Waswahili tulipotoa jina letu. Waliouita ukanda ule pwani walikuwa wanatoka Sahara, na Sahara, kilomita za mraba zaidi ya milioni tisa, kwao ndiyo ilikuwa bahari. Walivuka kwa misafara ya ngamia na chumvi, wakatia nanga Timbuktu, Gao, Agadez. Miji ile ilikuwa bandari kamili, ina ushuru, ina madalali, ina wageni wa lugha kumi. Hata mto Niger unaonekana kulijua hilo: unazaliwa Guinea kama kilomita 240 kutoka Atlantiki, unaipa bahari mgongo, unapanda kaskazini mashariki hadi mlango wa jangwa, unaigusa Timbuktu, ndipo unakumbuka kurudi kusini. Kilomita zaidi ya 4,000 kufika mahali palipokuwa nyuma ya nyumba. Timbuktu haikuhamishwa na mtu. Biashara ndiyo iliyogeuka ikaelekea kwenye merikebu, na bandari kubwa ikajikuta bara. Nikiwa Mswahili wa pwani ya maji, namhesabu mtu wa Gao kuwa binamu wa pwani ya mchanga.

Barani kwetu, nchi iliyopoteza bahari karibuni kuliko zote ni Ethiopia. Eritrea ilipojitenga 1993 iliondoka na Massawa na Assab, na Ethiopia, yenye watu zaidi ya milioni 100, sasa inategemea zaidi bandari ya Djibouti. Viongozi wake wamekuwa wakilizungumza jambo hili kwa sauti inayopanda, na majirani wakilisikiliza kwa wasiwasi.

Lakini kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, katika bonde la Afar, sahani inapasuka. Bonde la Ufa linaanzia huko, na linashuka hadi Msumbiji. Mwaka 2005, katika siku chache tu, ardhi ilifunguka ufa wa kilomita 60 hivi, mahali pengine upana wa mita nane. Sehemu ya mashariki ya bara inajitenga taratibu, milimita chache kwa mwaka, na wanajiolojia wanasema baada ya mamilioni ya miaka maji ya Bahari ya Shamu yataingia. Bonde la Danakil liko zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari tayari, limezuiwa na vilima tu.

Bahari ilikwishawahi kuingia hapo, ikakauka, ikaacha chumvi yenye kina kirefu. Waafar wanaikata kwa mashoka, wanaichonga iwe mabamba ya mstatili, wanayafunga juu ya ngamia. Zamani mabamba hayo yaliitwa amole na yalikuwa fedha, yakitumika sokoni Ethiopia nzima. Misafara imekuwa ikipanda nayo kutoka bondeni kwenda nyanda za juu.